KURIPOTI TAKA ZINAZOTUPWA MTAANI: NI UMBEA AU NI HISBA?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake wote.



Somo la leo ni refu kidogo, naomba ulisome taratibu mpaka mwisho. Limetokana na swali aliloniuliza muadhini wetu, na swali hilo lilinikuta mimi mwenyewe nina kosa.

Nyuma ya ukuta wa kibla wa msikiti tunaosali palianza kutupwa taka. Mwanzo vilikuwa viroba viwili, kisha kumi, kisha pakawa jaa kamili. Manyoya na matumbo ya kuku, chupa zilizovunjika, mabaki ya chakula. Kirikuu ilikuwa inakuja usiku, kabla ya adhana ya Alfajiri, inamwaga na kuondoka. Muadhini huamka mapema kuliko sisi sote, akaiona, akaitambua. Alikuja kuniambia kwamba gari ni la ndugu yetu fulani, mwenye machinjio ya kuku, mtu wa safu ya mbele, ambaye kila Ramadhani hutoa futari. Nikamjibu: "Mwache tu, mzee wangu, tusije tukavunja udugu."

Wiki chache baadaye mtoto wa madrasa alikanyaga chupa pale pale. Akashonwa, kidonda kikaoza, akakosa chuo muda mrefu. Muadhini akanijia tena na kuniuliza: "Shekhe, kwani ningekwenda kuripoti halmashauri siku ile, ingekuwa ghiba?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikarudi kwenye vitabu. Nilichokikuta ndicho ninachokuletea leo.

1. ZAMA ZA MTUME (S.A.W.): NJIA INA HAKI ZAKE

Hadithi ya matawi ya imani unaijua, imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba imani ina matawi sabini na kitu, la juu kabisa ni shahada, na la chini kabisa ni kuondoa njiani kitu chenye kudhuru watu. Wengi wetu tunaihifadhi kwa ajili ya lile la juu. Lakini fikiri: ikiwa kuondoa udhia njiani ni imani, kuuweka udhia huo njiani kunaitwaje?

Swahaba Abu Barza (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) amfundishe jambo litakalomnufaisha. Jibu alilopewa, kama alivyopokea Imam Muslim, ni kuwaondolea Waislamu udhia katika njia yao. Mtu mwingine alisamehewa madhambi yake kwa sababu ya tawi la miba alilolitoa njiani. Na upande wa pili, Mtume (s.a.w.) aliwaonya watu na mambo yanayoleta laana: kujisaidia katika njia ya watu au kwenye kivuli wanachopumzikia. Riwaya ya Abu Daud inaongeza mahali watu wanapochota maji.

Alipowakuta Swahaba wakikaa barabarani kuzungumza, aliwaambia kwamba wakiwa hawana budi kukaa, basi waipe njia haki yake. Wakauliza haki ya njia ni ipi. Akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Angalia, kuzuia udhia na kukataza maovu vimetajwa pamoja, katika hadithi moja, na mahali penyewe ni barabarani.

Je, watu wa zama zile walipeleka malalamiko? Ndiyo. Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumlalamikia jirani anayemuudhi. Mtume (s.a.w.) alimwambia kwanza asubiri. Aliporudi mara ya pili au ya tatu, alimwamuru atoe vyombo vyake avitandaze njiani. Watu wakawa wanapita na kuuliza kuna nini, naye anawaeleza. Wakawa wanamlaani yule jirani, mpaka mwenyewe akaja na kumwomba arudi ndani, akaahidi kwamba hataona tena la kumchukiza. Mtume (s.a.w.) hakumwita mlalamikaji yule mmbea. Alimsikiliza, akampa njia.

2. BASRA: LIWALI ALIYETAJA USAFI WA NJIA

Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (r.a.), Swahaba Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.) alipelekwa Basra, kusini mwa Iraki ya leo, kuwa liwali. Mji ulikuwa mpya, umeanza kama kambi ya jeshi, na watu wanazidi kumiminika. Imam Ad-Darimi amepokea kwamba Abu Musa alipofika aliwaeleza watu kazi tatu alizotumwa na Umar: kuwafundisha Kitabu cha Mola wao, kuwafundisha Sunna ya Mtume wao, na kuwasafishia njia zao.

Rudia kuisoma orodha hiyo, ndugu yangu. Qur'ani, Sunna, na usafi wa njia, katika agizo moja la serikali. Abu Musa ndiye yule ambaye Mtume (s.a.w.) aliisifia sauti yake ya kusoma Qur'ani. Mtu wa sauti ile hakuona aibu kusema kwamba taka za mji nazo ni kazi yake. Sisi tunaona aibu hata kuzitaja kwenye mimbari.

3. MUHTASIB: OFISI ILIYOWEKWA ILI WATU WAISHITAKIE

Miji ya Waislamu ilipokua, kazi hii ilipata ofisi yake. Ikaitwa hisba, na mwenye ofisi akaitwa muhtasib. Alikagua mizani na vipimo, mikate na nyama, visima, ukuta unaotaka kuanguka, na usafi wa masoko na njia.

Aliyetueleza vizuri ofisi hii ni Imam Al-Mawardi, kadhi wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki Baghdad mwaka 450 Hijria (1058). Ni madhehebu hayo hayo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu. Katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya, alitaja tofauti tisa kati ya muhtasib aliyeteuliwa na Muislamu wa kawaida anayekataza maovu kwa kujitolea. Nakutajia zinazohusu swali letu:

- Kwa muhtasib kazi hiyo ni faradhi inayomkabili yeye binafsi, kwa sababu ya cheo chake. Kwa wengine ni faradhi ya kutoshelezana.
- Muhtasib amewekwa ili watu wamshitakie maovu yaliyo dhahiri. Mtu wa kujitolea hakuwekwa kwa ajili hiyo.
- Muhtasib ni lazima amwitikie anayemshitakia.
- Muhtasib anaweza kuchukua wasaidizi na kutoa adhabu ya kutia adabu. Mtu wa kujitolea hana ruhusa hiyo ya kuadhibu.
- Muhtasib analipwa kutoka Baitulmali.

Umeona hapo? Miaka karibu elfu moja iliyopita, mwanachuoni wetu ameandika kwamba kupokea malalamiko ya watu ni sehemu ya maana ya ofisi hiyo. Wananchi wasipokwenda kushitaki, mlango mmoja wa ofisi umefungwa. Na mwenye ofisi akisikia na asiitikie, basi ameacha jambo la wajibu huku anakula mshahara wa Baitulmali.

4. TAKA NI ZA NANI, NA NANI AZIONDOE?

Wanachuoni wetu hawakuishia kusema "usafi ni sehemu ya imani" na kukaa kimya. Waliingia kwenye matope yenyewe.

Kairouan, katika Tunisia ya leo, alikuwepo mwanachuoni wa Kimaliki aitwaye Yahya bin Umar, aliyefariki mwaka 289 Hijria. Kitabu chake cha hukumu za soko ni miongoni mwa vya kale kabisa vilivyotufikia katika fani hii. Aliulizwa kuhusu matope ya mvua sokoni: je, wenye maduka walazimishwe kuyafagia? Akajibu hapana, kwa sababu hawakuyaleta wao. Akaulizwa tena: na kama wenye maduka wenyewe wameyakusanya katikati ya njia yakawa marundo, yakawadhuru wapita njia na wanyama wenye mizigo? Hapo akasema ni lazima wayaondoe.

Uadilifu gani huu! Usimbebeshe mtu uchafu ambao si wake, wala usimwachie uchafu alioufanya yeye.

Sevilla, katika Andalusia, Ibn Abdun aliandika risala yake ya hisba mwanzoni mwa karne ya 12. Akaelekeza kwamba taka na uchafu visitupwe ndani ya mji, bali vipelekwe nje ya malango, mashambani au mahali palipotengwa. Hilo ndilo dampo halali tunalolizungumza leo.

Kisha Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Katika Ihya Ulumid-Din, kwenye mlango wa kuamrisha mema na kukataza maovu, ametenga sehemu maalumu ya maovu ya barabarani. Ndani yake humkuti mlevi wala mzinifu. Unamkuta mchinjaji anayechinja mlangoni kwake na kuchafua njia kwa damu. Unakuta kutupa taka kandokando ya njia, kutawanya maganda ya tikiti maji, na kumwaga maji mpaka watu wahofiwe kuteleza. Al-Ghazali, imamu wa tasawwuf na mjuzi wa maradhi ya nyoyo, anahesabu ganda la tikiti maji kuwa ni munkari!

Halafu akatoa kanuni. Uchafu uliosababishwa na mtu anayejulikana, kuuondoa ni juu yake mtu huyo. Maji ya mvua yaliyotuama, ambayo hayana mwenyewe, hiyo ni hisba ya umma: watawala ndio wanaopaswa kuwasimamia watu wayaondoe, na mtu mmoja mmoja hana zaidi ya kutoa nasaha.

Basi panga mambo matatu haya kichwani mwako. Taka zina mwenyewe? Azitoe. Hazina mwenyewe? Ni kazi ya mamlaka. Na wewe unayepita hapo kila siku? Kazi yako ni kusema: umwambie mwenyewe, na uiambie mamlaka.

5. SASA, JE, KURIPOTI NI GHIBA?

Hili ndilo swali la muadhini wetu, na ndilo linalowafunga midomo wengi. Mtu anamwona jirani anamwaga taka mtaroni, anasema moyoni, "Nikimtaja nitakuwa nimekula nyama ya ndugu yangu."

Jibu analo Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), Mshafi'i pia. Katika Riyadhus-Swalihin, baada ya kuikataza ghiba kwa ukali, aliweka mlango wa ghiba iliyoruhusiwa, akataja hali sita. Ya kwanza: aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mtawala, kadhi au mwenye uwezo wa kumpatia haki yake. Ya pili: kuomba msaada wa kubadilisha uovu, kwa kumweleza mtu anayetarajiwa kuwa na uwezo wa kuuondoa kwamba fulani anafanya hivi. Na akaweka sharti: makusudio yawe ni kuondoa uovu huo. Ikiwa makusudio ni mengine, basi ni haramu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, neno lile lile linaweza kuwa haramu au halali, kutegemea unamwambia nani na unataka nini. Ukikaa kibarazani ukasema "fulani mchafu, anamwaga matumbo ya kuku", na hao unaowaambia hawana la kufanya ila kucheka, hiyo ni ghiba. Ukiyasema hayo hayo kwa afisa afya ili jaa liondolewe, hiyo siyo. Ajabu yetu ni kwamba ya kibarazani tunayasema kila siku, na ya ofisini ndiyo tunayoyaogopa kuwa dhambi.

Mimi kosa langu lilikuwa hilo, na zaidi ya hilo. Nilisema nalinda udugu. Ukweli nilikuwa nalinda futari. Allah anisamehe.

6. KUTOKA MUHTASIB HADI HALMASHAURI

Huenda ukasema: "Shekhe, huyo muhtasib yuko wapi leo?"

Istanbul, makao ya dola ya Kiothmani, katika karne ya 19 kazi za hisba ziligeuzwa hatua kwa hatua kuwa kazi za mamlaka ya mji. Waothmani hao hao walipoandika Majalla, mkusanyo wa sheria zao uliotoka kati ya 1869 na 1876, waliweka mwanzoni kanuni zilizojengwa juu ya maneno ya Mtume (s.a.w.) ya kukataza madhara: kwamba madhara huondolewa, na kwamba mtu mmoja hubebeshwa dhara lake ili watu wote waepushwe na dhara lililo kubwa zaidi. Kwingine wakoloni walileta mabaraza ya miji yao. Sisemi kwamba halmashauri ya leo ni ofisi ya kisheria ya Kiislamu. Nasema kwamba mzigo ule wa taka aliokuwa akiubeba muhtasib, leo uko mabegani mwa halmashauri, na sisi ndio tunaoilipa kwa ushuru na kodi zetu.

Na sheria za nchi zetu zimekaa karibu sana na fiqhi hii. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 6, inamwekea kila mkaazi wajibu wa kulinda mazingira, na pia wajibu wa kuijulisha mamlaka husika jambo linaloweza kuyaathiri kwa kiasi kikubwa. Kenya, Katiba ya 2010 inatoa haki ya mazingira safi katika ibara ya 42, na ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Hawakusubiri mtoto akanyage chupa kwanza, kama tulivyosubiri sisi.

7. ADABU NA NAMNA YA KURIPOTI

Kwanza, mnasihi mwenyewe kwa siri kama unamjua na huogopi kudhuriwa.

Pili, usipeleleze. Qur'ani katika Suratul Hujurat imekataza kupekuana. Hisba ni ya uovu ulio dhahiri. Jaa liko njiani, hilo lipige picha. Usichungulie ua wa mtu, wala usirushe sura yake mitandaoni.

Tatu, usichukue adhabu mkononi mwako. Kumpiga mtu, kuchoma gari lake, kumrudishia taka mlangoni kwake usiku, hayo si hisba. Umesoma Al-Mawardi: adhabu si ya mtu wa kujitolea.

Nne, peleka taarifa iliyokamilika: mahali penyewe, siku na saa, aina ya taka, na nini kimeshatokea. Anza na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kisha afisa afya wa kata, kisha halmashauri. Zanzibar anza kwa sheha, Kenya nenda ofisi ya kaunti kwenye wadi yako. Andika barua nakala mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo. Usizidishe neno hata moja, kwa sababu ukizidisha umekuwa shahidi wa uongo.

Tano, usikate tamaa wakikuzungusha. Katika Suratul A'raf kuna kisa cha watu wa mji wa pwani waliovunja amri ya Jumamosi. Baadhi yao waliwauliza waliokuwa wakikataza: mna faida gani kuwawaidhi watu ambao Allah atawaangamiza tu? Wakajibu kwamba ni ili wawe na udhuru mbele ya Mola wao, na huenda wakaogopa. Adhabu ilipofika, Allah ametaja kuwaokoa waliokuwa wakikataza maovu.

YALIYOTOKEA KWETU

Mimi na muadhini tulikwenda kwanza kwa mwenye machinjio. Alituahidi, lakini baada ya siku mbili kirikuu ikarudi. Tukaandika barua. Ofisini mara ya kwanza tuliambiwa tuje wiki ijayo, mara ya pili mhusika hayupo, mara ya tatu wakagonga muhuri. Lori lilikuja baada ya wiki kadhaa, na mwenye machinjio akatakiwa kulipia uzoaji. Ijumaa mbili hakuonekana msikitini. Ya tatu alikuja, akakaa safu ya nyuma. Baada ya swala nilimfuata nikampa mkono, akaupokea, ingawa hatukuzungumza mengi. Mpaka leo bado naona uzito kati yetu, nami namuombea na kujiombea.

Kwa mzazi wa yule mtoto nilikwenda pia, nikamwambia kwamba mimi nilijua mapema na nilinyamaza. Hiyo ndiyo safari iliyokuwa nzito kwangu kuliko ya ofisini.

Ndugu yangu unayesoma, bila shaka kuna jaa unalolipita kila siku na unajua limeanzaje. Usingoje. Leo au kesho andika taarifa yako, tia nia ya kuondoa udhia katika njia ya watu, na uipeleke.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaoondoa udhia, usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaouweka wala wanaounyamazia. Wape uadilifu wanaosimamia miji yetu. Wape afya watoto wetu. Ulainishe nyoyo zetu sisi na ndugu zetu tuliokosana nao kwa ajili ya haki. Amin.

Ukiona kuna faida, wafikishie wengine. Nilipopatia ni kwa tawfiki ya Allah, nilipokosea ni kwangu na kwa shetani.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.